Mtoto kujikojolea garini kwenye safari ndefu: jibu kwa mama wa Mbezi

Swali: Shikamoo mama muuguzi. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minane. Nyumbani ameacha pampasi tangu Septemba, na mchana hajikojolei tena ila mara mojamoja. Shida ni gari. Tulipokwenda Morogoro kwenye harusi alijikojolea mara tatu, na wakati wa kurudi akapata haja kubwa pale pale kwenye kiti. Baba yake aligomba, mtoto akalia mpaka Kibaha, na gari linanuka mpaka leo. Desemba tunakwenda Moshi kwa bibi yake. Mama mkwe anasema siku ya safari nisimpe maji. Shoga yangu anasema nimrudishie pampasi. Mume wangu anasema ni jeuri tu, maana nyumbani anaweza. Nifanyeje? Au nipande basi na mtoto, baba yake aje na gari?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo, maana nadhani ndiye atakayesomewa haya. Mtoto wa umri huo hana jeuri ya mkojo. Mwenye jeuri ni yule awezaye kuzuia akaamua kutozuia. Binti yenu ndiyo kwanza anajifunza kuzuia, tena anajifunzia mahali ambapo poti iko hatua tano kutoka alipo. Nyumbani akihisi, anakimbia, anafika. Garini akihisi, amefungwa mikanda, baba ameshika usukani, poti iko kwenye buti chini ya mabegi, na sheli ya karibu bado iko mbali. Anayeshindwa hapo ni aliyepanga safari, na safari haipangwi na mtoto.

Kliniki tunatumia kanuni moja ya kukadiria: chukua umri wa mtoto kwa miaka, jumlisha 2, zidisha kwa 30. Jibu ni mililita ambazo kibofu chake kinaweza kubeba. Kwa binti yako inakuja kama mililita 140, nusu glasi na kidogo. Ndiyo maana watoto wa rika lake, wakiwa macho na wakinywa kama kawaida, wengi wanahitaji kukojoa kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Lakini linaloharibu nguo garini zaidi ni lile tusiloliona: mtu mzima huanza kuhisi mkojo kibofu kikiwa bado kina nafasi, akasema moyoni, "nitashuka Chalinze." Mtoto aliyeacha nepi juzi huhisi kibofu kikiwa tayari ukingoni. Akikwambia "mama, mkojo", una dakika chache, pengine hata hiyo moja haitimii. Kwa hiyo mkimsubiri aseme ndipo muanze kutafuta pa kusimama, mmeshachelewa.

Basi safari yenu iendeshwe kwa saa ya kibofu chake. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Ukiweka vibao vya 50 kila penye kijiji, malori, askari, na msururu ule wa Desemba ambao kila Mchagga wa mjini anaufahamu, ninyi hesabuni saa kumi barabarani na msiwaahidi watu wa nyumbani chini ya hapo. Mkisimama kila saa moja na nusu, mtasimama mara sita au saba. Mumeo atasema ni nyingi. Mwambie kila kituo ni dakika kumi, jumla yake ni saa moja na kitu, na kwamba kuvua mtoto, kuosha kiti na kubembeleza kilio kando ya barabara kunakula muda huohuo bila mtu kupumzika. Tena dereva mwenyewe anahitaji kunyoosha miguu.

Mkipita Chalinze na Msata, ningewapangia hivi: Chalinze, Mkata, Korogwe ambapo mtakula, Mombo, Hedaru, Same, kisha Mwanga au Himo kutegemea mtoto alivyo. Kipande cha Chalinze kwenda Segera ndicho kinachodanganya wengi. Barabara nzuri, dereva amechangamka, kila mtu anasema tutasimama Segera, na ni zaidi ya saa mbili. Usipite Mkata bila kushuka. Kipande kingine ni Mombo kwenda Same, ambako joto ni kali, mtoto anakunywa sana na makazi yanaachana. Katika kila kituo mpeleke kwenye poti hata kama amesema hana mkojo. Usimuulize "unataka kukojoa?" kwa sababu jibu la mtoto wa miaka miwili kwa swali lolote ni hapana. Mwambie tu, "Tumefika, tunakojoa, halafu tunakula chungwa." Akikaa dakika mbili tatu pasitoke kitu, mwinue bila maneno, mzunguke gari kidogo, kisha ajaribu tena kabla ya kufunga mkanda.

Pampasi sasa. Shoga yako hajakosea kabisa. Wapo wataalamu wanaosema ukishavua nepi usirudi nyuma hata siku moja, mtoto asije akachanganyikiwa. Kwa watoto niliowahudumia naona jambo hilo hukuzwa kuliko linavyostahili. Kukauka mchana na kukauka usingizini ni hatua mbili tofauti mwilini. Hii ya pili hukamilika baadaye, kwa wengine miaka mingi baadaye, na kabla ya miaka mitano hatuihesabu kuwa ni ugonjwa. Mkiondoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, mtoto atalala kabla hamjafika Kibaha. Mvalishe pampasi kwa usingizi huo na useme wazi kuwa ni ya kulalia. Akiamka, simameni mahali pa kwanza palipo salama, ndani ya dakika kumi ikiwezekana, maana mtoto anayetoka usingizini hukojoa karibu mara moja. Mvue, akae kwenye poti, avae chupi yake, muendelee. Mchana akisinzia tena, pampasi inaweza kuvaliwa juu ya chupi. Akijilowesha atahisi ubaridi wa chupi na ataelewa kilichotokea, lakini kiti kitabaki kikavu. Nisichokubaliana nacho ni kumvalisha mchana kutwa akiwa macho halafu kumwambia, "kojoa humo humo, leo tuko safarini." Hapo ndipo unapomfundisha kitu kingine.

Na kama hatari yenyewe ni kwamba baba atagomba tena, mvalishe pampasi safari nzima na uache mafunzo yasubiri. Siku moja ya nepi haiharibu chochote. Kugombezwa kwa sababu ya mkojo kunaharibu: mtoto aliyetishwa huanza kuficha, hujibana mpaka haja kubwa inakauka tumboni, na hapo mnaingia kwenye shida ambayo miezi haitoshi kuimaliza.

Vitu vya kubeba si vingi, ila mahali vinapokaa ndilo jambo. Poti isikae kwenye buti. Iwekeni chini, mbele ya kiti cha nyuma, imebanwa isirukeruke dereva akifunga breki. Ndani ya poti tandika pampasi moja iliyofunguliwa, upande laini ukiwa juu. Mkojo wote unanywewa, hakuna cha kumwagika, na ukimaliza unaikunja na kuifunga kwa gundi zake zenyewe. Kwa nguo chafu watu walizoea rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ilipokuwepo ilikuwa ikitoboka na kuvuja. Tafuta ndoo ndogo ya rangi ya lita nne iliyooshwa vizuri, yenye mfuniko unaobana. Nguo mbichi na pampasi zilizotumika zinaingia humo, harufu haitoki. Beba dumu la maji la lita tano la kunawia, kipande cha sabuni, taulo dogo, na kanga mbili kuukuu. Kanga hizo ndizo zitakazokuwa pazia, taulo na shuka.

Nguo zake zifungashe seti kwa seti: chupi, suruali na fulana, unazisokota pamoja kuwa mzigo mmoja mdogo. Seti nne zinatosha, mbili ziwe karibu na mkono wako. Hakuna kinachochosha kama kufungua begi la watu watatu kando ya barabara ukitafuta chupi ya mtoto na malori yanapita. Mvalishe gauni au suruali ya lastiki, si jinzi wala ovaroli yenye vifungo. Na viatu ni kandambili au sendo za plastiki, kwa sababu mkojo hushuka na miguu, ukiingia kwenye raba hautoki mpaka mfike Moshi.

Kiti chenyewe. Natumaini mnacho kiti cha mtoto cha gari. Kama hamna, kitafuteni kabla ya Desemba, na mapambo mengine ya gari yangoje. Kumpakata mtoto mbele si namna ya kumlinda, gari likigonga mikono yako haitamshika. Juu ya kiti hicho, usitandike mpira wa hospitali wala mto wala taulo nene. Mpira unateleza, na mtoto anaweza kuserereka chini ya mkanda siku ya siku, na kitu kinene kinafanya mikanda ionekane imebana kumbe imelegea. Kanga iliyokunjwa mara moja chini ya makalio tu, isipite nyuma ya mgongo wala chini ya mikanda, inatosha kunywa mkojo wa kwanza. Kama mtengenezaji wa kiti chenu anauza kitambaa chake maalumu cha kuzuia maji, hicho ni bora. Kinachotaka kulindwa zaidi ni siti ya gari lenyewe na sakafu, na sakafuni hapo unaweza kutandika mpira utakavyo.

Mkalishe nyuma upande wa kushoto, ambao kwetu ndio upande wa pembeni mwa barabara. Mkisimama kwa dharura unamtolea mlango wa majanini, hamtoki kwenye lami.

Na kuna dharura, hata mkipanga vipi. Mtoto amesema, hakuna sheli, mtachimba dawa kama wasafiri wote. Dereva asifunge breki ghafla, atafute mahali pa wazi penye bega pana la barabara, nje ya kona na mbali na mteremko, awashe taa zote za tahadhari. Kamwe usimfungue mtoto mkanda gari likiwa linatembea ili akae kwenye poti, hata kwa mwendo mdogo, hata kama anapiga kelele. Suruali yenye mkojo inafuliwa. Usiingie naye kwenye majani marefu. Pale pale nyuma ya mlango uliofunguliwa, na kanga ikiwa pazia, panatosha. Mahali pekee ambapo hampaswi kushuka ni ndani ya hifadhi. Njia yenu haikatizi hifadhi, lakini wanaopita Mikumi kwenda Iringa wana kama kilomita 50 za kuvumilia, na hao nawaambia kila siku: mtoto akojoe kabla ya lango, na akijilowesha humo ndani, alowe.

Wasichana wadogo wengi wanaogopa kuchuchumaa porini, au mkojo unawachuruzikia miguuni, wanakasirika. Mbebe kwa namna ya bibi zetu: mgongo wake kifuani kwako, mikono yako chini ya mapaja yake, magoti yamekunjwa, umeinama kidogo mbele. Kisha mtolee kile kisauti cha "shuu" taratibu. Usicheke. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa kwa Wadigo wa pwani ya Kenya, ambako mama huanza kumkojosha mtoto kwa mkao maalumu na sauti ya namna hiyo tangu wiki za mwanzo za maisha yake, na katika miezi mitano au sita mtoto anakojoa akiashiriwa na kwa sehemu kubwa anabaki mkavu. Watafiti walishangaa, mama wa Kwale hakushangaa. Binti yako hakulelewa hivyo, lakini ukianza leo kutoa sauti hiyo kila anapokaa kwenye poti nyumbani, mpaka Desemba itakuwa ishara anayoijua, na mahali pageni patakuwa na kitu kimoja kisicho kigeni. Mzoeze pia kukojolea poti hiyo hiyo ya safari, nje uani, na mara moja mbili ndani ya gari lililosimama. Mtoto asiyewahi kukojoa nje ya choo chake hatajifunza Hedaru.

Sasa amejilowesha tayari. Usipige kelele, hata ile ya "Mungu wangu!" Usimwambie baba "nilikwambia." Sema kwa sauti ya kawaida: "Mkojo umetoka. Tutasimama, tutabadili." Mkifika pa kusimama, anza kwa kumweka kwenye poti ndipo umwoshe. Mara nyingi mtoto akishtuka hukata mkojo katikati, na nusu iliyobaki ndiyo inayolowesha seti ya pili baada ya kilomita kumi. Maliza hapo, mwoshe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, mkaushe vizuri hasa kwenye mikunjo ya mapaja, mpake mafuta ya mgando kidogo, mvalishe. Tishu zenye maji zinafaa kwa haraka, lakini ngozi iliyokaa na mkojo kwenye joto la Mkomazi inataka maji halisi. Kama ana kaka au dada mle garini, mmoja tu akithubutu kusema "kikojozi", mkate hapo hapo. Utani huo humkaa mtoto moyoni kuliko kelele za baba.

Haja kubwa ni shughuli nyingine. Toa kilicho kigumu kwa tishu kwanza, kiende kwenye ndoo au chooni. Usisuuze nguo mtoni wala kwenye mfereji, kinyesi cha mtoto kina vijidudu vya kuharisha sawasawa na cha mkubwa. Mkiwa porini kabisa, chimbeni kashimo mfukie, mbali na maji. Kisha nyote wawili mnawe kwa sabuni kabla ya mtu yeyote kugusa chungwa. Lakini afadhali uizuie isitokee, na hapo mwili wenyewe unakusaidia: chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka. Kwa watoto wengi haja huja ndani ya nusu saa baada ya kula. Mkila Korogwe mkaondoka na mfupa mkononi, mtakutana nayo njiani. Kuleni, kaeni, akae kwenye poti taratibu huku ukimhadithia kitu, ndipo muondoke. Alfajiri vilevile, mpe uji mapema aende haja nyumbani kama ndiyo desturi yake.

Kilichonishtua kwenye swali lako ni ushauri wa mama mkwe. Nawaheshimu kina bibi, ila hili usilifuate. Mtoto asiyekunywa maji kwenye joto la Same anaishiwa maji haraka, mkojo wake unakuwa mzito na unamchoma, na choo kinakauka. Choo kikavu kikijaa kwenye utumbo wa mwisho kinakibana kibofu, kibofu kinapungukiwa nafasi, na unapata mkojo wa mara kwa mara, tena wa ghafla. Yaani unamnyima maji asijikojolee, naye anajikojolea kwa kunyimwa maji. Mpe maji matupu, funda mbili tatu kila baada ya muda mfupi, badala ya kikombe kizima mara moja. Usimpe soda, juisi za boksi wala chai njiani. Sukari nyingi huwalegeza wengine tumbo, na soda nyeusi na chai vina kafeini isiyomfaa. Chipsi mayai na biskuti ziende kwa kiasi. Papai, embe na chungwa, ambavyo Desemba vimejaa barabara nzima, vinamfaa zaidi.

Na chunguza hili kabla ya safari, maana haja kubwa ile ya kwenye kiti imenifanya nifikiri. Je, binti yako hukaa siku tatu bila kupata choo? Anajikunja, anasimama kwa vidole vya miguu, anajificha nyuma ya kochi? Unakuta chupi ina madoa ya choo chepesi kidogo kidogo? Mama wengi huja wakisema mtoto anaharisha, kumbe amefunga choo na kilicho chepesi kinapenya pembeni. Mtoto huyo ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha unamzidishia. Mlete kituo cha afya mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, kufunga choo kunatibika. Mlete pia kama analia akikojoa, kama ana homa, kama mkojo una damu au unanuka isivyo kawaida, au anakwenda kila baada ya dakika chache na kutoa matone. Na kama ameanza kunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana na huku anapungua uzito, usingoje miadi, mpeleke siku hiyo hiyo apimwe sukari. Mtoto aliyekuwa mkavu kwa miezi akarudi ghafla kujikojolea bila sababu unayoiona, naye anastahili kuangaliwa, pamoja na kuulizwa kwa upole nani hukaa naye na nini kimebadilika.

Kuhusu gari linalonuka mpaka leo: mkojo mbichi haunuki sana. Harufu inakuja bakteria wakishavunjavunja urea na kutoa amonia, na ukishaingia kwenye sponji ya siti, kila jua linapowaka unaamka upya. Safari ijayo, palepale njiani, kandamiza kanga kavu kwa nguvu inywe mkojo wote. Usisugue, unausukuma chini. Mimina maji baridi kidogo, kandamiza tena. Kwa harufu ya sasa, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, lowesha hadi kina kile mkojo ulichofika, acha robo saa, kandamiza, kisha milango yote wazi juani siku nzima. Huenda ukarudia. Kitambaa cha kiti cha mtoto kivue ufue kama maelekezo yake yanaruhusu, lakini mikanda ifute tu kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Usiiloweke, usiipige jiki, na usiwaachie vijana wa kuosha magari waipulizie dawa zao, nyuzi zake hudhoofika bila wewe kuona. Na jiki isiguse kabisa siti yenye mkojo, wala siti uliyoipaka siki. Ikikutana na amonia au siki hutoa gesi ya sumu, nanyi mtaifungia humo ndani ya gari.

Mkifika Moshi, usitegemee awe yule wa Mbezi siku ya kwanza. Choo cha shimo kinamtisha, na mtoto mdogo kweli anaweza kutumbukia. Kuna binamu kumi, kuna kila mtu anayetaka kumbeba. Mpe poti yake, iwekwe kona moja isiyohama, na mwombe bibi, kwa adabu yote ya mkwe, asimcheke mbele ya wenzake. Siku mbili tatu za kulowa si kitu. Wakati wa kurudi mfanye mpangilio uleule, huku mkiongeza muda, kwa sababu mtakuwa mmechoka na mtapakia ndizi mpaka poti ikose nafasi. Ndizi zipande juu.

Mpe mumeo kazi. Awe ndiye mtunza saa: aweke kengele ya simu kila dakika tisini, na ikilia, yeye ndiye aseme, "Tunasimama." Dereva aliyeamua mwenyewe kusimama hanuni kama dereva aliyesimamishwa.

Basi? Hapana, panda gari lenu. Basi linasimama linapotaka, mara nyingi kwa chakula na kuchimba dawa mara moja mbili, na dakika zenyewe huhesabiwa kwa honi. Ila gari likiharibika na basi likawa halikwepeki, mvalishe pampasi bila aibu, chukua siti ya mbele karibu na mlango, na mwambie konda kabla hamjatoka stendi kwamba una mtoto mdogo anayejifunza. Makonda wengi wana watoto pia. Mwambie mapema tu, asije akaisikia kwa mara ya kwanza mtoto akiwa ameshaibana suruali kwa mikono miwili katikati ya Mkata na Segera.